Siwezi, Sitaki, Bado: Mwongozo wa Kiingereza cha Kukataa Mpakani Busia na Malaba

Kwa anayevuka mpaka Busia au Malaba, Kiswahili hufika mbali. Mbadilishaji pesa anakijua, mwendesha boda boda anakijua, mama anayeleta trei za mayai kutoka ng'ambo anakijua, na ukikutana na Msamia au Mteso, watu wenye ndugu pande zote mbili, huenda mkamalizana kwa lugha ya nyumbani. Karatasi inapofika dirishani, mambo hubadilika. Fomu ya forodha ni ya Kiingereza, mtandao wa forodha ni wa Kiingereza, na barua inayozuia mzigo ni ya Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwenye Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini ofisi za Uganda bado huzungumza Kiingereza kwanza.

Kinachowaponza wengi si msamiati mgumu. Ni kwamba Kiingereza cha ofisi huweza kukataa mwanzo hadi mwisho bila kutaja neno "no". Mtu huondoka dirishani akidhani amekubaliwa, akamwambia utingo afungue turubai, kumbe amekataliwa. Mwingine hukata tamaa na kugeuza gari, kumbe ameambiwa alete karatasi moja tu. Lori likilala, kuna chakula cha dereva, kuna maegesho ya kulipia, na nyanya haziongezi uhai.

Mwongozo huu ni wa dereva, utingo, mfanyabiashara mdogo na kijana anayeanza kazi kwa wakala wa forodha. Una sehemu mbili kubwa: kutambua mtu anapositasita kwa Kiingereza, na kusema mwenyewe kwamba hutaki, bila ugomvi na bila kueleweka vibaya.

Kwanza panga: siwezi, sitaki au bado?

Kabla hujaanza kupima neno moja moja, jiulize jibu ulilopewa ni la aina gani kati ya hizi tatu.

Siwezi: sheria, cheo au mashine inamzuia huyo aliye mbele yako. Kumbembeleza ni kupoteza muda. Tafuta mwenye mamlaka, au timiza sharti linalokosekana.

Sitaki: uwezo anao, nia hana. Pengine hakuamini, pengine anaogopa kulaumiwa baadaye. Hapa ushahidi na maneno ya heshima hufanya kazi.

Bado: hajaamua, au kuna kitu kinasubiriwa. Unachohitaji ni jina la kitu hicho, jina la ofisi inayokishikilia, na muda.

Ugumu ni kwamba adabu ya Kiingereza huvichanganya vitatu hivi. Asiyetaka husema hawezi, kwa sababu "I can't" haimuumizi mtu kama "I won't". Asiyeweza husema bado, ili usimpigie kelele. Kwa hiyo usitosheke na neno la kwanza. Sikiliza, panga, halafu uliza swali moja la kuhakikisha.

Jinsi "siwezi" inavyosikika

"I'm afraid the permit has expired." Hakuna anayeogopa hapo. "I'm afraid" hutangulia habari mbaya, kama tunavyoanza na "samahani, lakini". Habari yenyewe ni kamili: kibali kimekwisha muda. Usijibu "don't worry". Uliza "Where do I renew it?"

"I'm not authorised to release it." Hii ni siwezi halisi. Afisa anakwambia cheo chake hakifiki hapo. Swali lako: "Who can approve it, please?" Ukipata jina la cheo, nenda kwa mwenye cheo.

"I'm not in a position to help." Hii ina utata. Yaweza kuwa siwezi, yaweza kuwa sitaki iliyofunikwa. Uliza swali lile lile la nani anaweza. Akikutajia mtu, ilikuwa siwezi. Akirudia sentensi yake bila kutaja mtu wala ofisi, huenda ni sitaki.

"The system won't accept it." Sisi husema mtandao umekataa, gari limekataa kuwaka, nambari imekataa. Kiingereza nacho huipa mashine ukaidi kwa neno "won't". Lakini mtandao ukikataa huwa na sababu yenye maandishi: nambari ya gari iliyoandikwa vibaya, malipo ambayo hayajaonekana, uzito usiolingana na ule uliotangazwa. Uliza "What does the error say?" Nakili maneno hayo neno kwa neno umpelekee wakala wako. Ukimpelekea "system imekataa" peke yake, hujampelekea kitu.

Ngazi za "sitaki"

Hapa ndipo Kiingereza kina mali nyingi, na hapa inafaa kusikiliza kwa makini. Chukua tendo moja, kusaini karatasi, ulipandishe na kulishusha.

"I refuse to sign." Mlango umefungwa. Ni kauli nzito, na mara nyingi msemaji anataka kukataa kwake kuandikwe.

"I won't sign." Uzito ni huo huo, kwa lugha ya mdomo.

"I'm not prepared to sign this." Wengi huteleza hapa. Husikia kwamba mtu hajajiandaa, wakamsubiri ajiandae. Hii ni kukataa kwa uthabiti, kama mtu wetu anaposema kwa sauti tulivu, "mimi siko tayari kwa jambo hilo." Ukitaka kusema kweli kwamba hujajiandaa, tumia "I'm not ready yet".

"I'd rather not sign." Sauti ni laini, maana ni la. Mtu amekataa kwa adabu na anatumaini hutamlazimisha.

"I'm not comfortable signing this." Haihusu kiti wala joto. Kuna jambo linamtia shaka. Uliza "What would you need to see first?" Mara nyingi jibu lake ndilo ufunguo.

"I'm reluctant to sign." Moyo unavuta nyuma, lakini mlango uko wazi kidogo. Mwenye kusema hivi aweza kusaini, ila shingo upande. Kiingereza hutofautisha vizuri hapa. "He signed reluctantly" maana yake amesaini shingo upande, na sahihi ipo. "He was unwilling to sign" maana yake hakuwa na nia, na usitegemee sahihi.

"I'm hesitant to sign." Anasita kwa kukosa uhakika. Huyu anahitaji habari zaidi, hahitaji shinikizo.

Sasa zingatia maneno matatu madogo yanayofuata baada ya "reluctant" na "hesitant": "without", "until" na "unless". Afisa akikwambia "I'm reluctant to release the maize without the lab report", msikilizaji wa haraka hushika mwanzo wa sentensi na kuondoka na huzuni. Msikilizaji mzuri hushika mwisho: bila ripoti ya maabara. Ameshakuonyesha njia. Leta ripoti.

Kuna pia kutotaka kusikosemwa kwa mdomo. Ukisoma magazeti ya Kiingereza kuhusu mpaka huu utakutana na "go-slow", yaani mgomo baridi; "drag their feet", yaani kujikokota makusudi; na "stand-off", pande mbili zimesimama na hakuna anayesogea. Januari 2022 madereva wa malori walisimama Malaba na Busia wakipinga sharti la Uganda la kupimwa Covid-19 mpakani kwa ada ya dola 30. Foleni ikarefuka kilomita nyingi upande wa Kenya, petroli ikaadimika na kupanda bei Uganda, mpaka sharti lile likasimamishwa. Ukisoma kwamba ofisi fulani "is dragging its feet", elewa kwamba mwandishi anaituhumu kwa kutotaka. Akiandika tu kwamba jambo "has been delayed", hajamtuhumu mtu.

Jinsi "bado" inavyosikika

"Noted." Neno hili limejaa kwenye WhatsApp za mawakala na barua pepe za kampuni za usafirishaji. Maana yake ni nimesoma. Haisemi nimekubali, haisemi nitafanya. Ukiandika "Please send the truck tomorrow" ukajibiwa "Noted", huna lori. Uliza tena: "Can you confirm the truck for tomorrow?" na usitulie mpaka uone "Confirmed".

"We're looking into it." Kuna mtu anaweza kuwa anashughulika, au faili iko chini ya faili nyingine. Uliza "Who is handling it, and when should I check again?"

"It's pending" au "on hold". Kitu kimesimama. Uliza kinasubiri nini: "Pending what?" Maneno mawili, yana faida kubwa.

"Kindly bear with us." Ni ombi la subira, halina ahadi ndani yake.

"Let me see what I can do." Wapo wanaosikia sentensi hii na mkono ukaanza kwenda mfukoni. Usiende huko. Msemaji anaweza kuwa anakwenda kumuuliza mkubwa wake tu, na kwa Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 mtoaji ana hatia kama mpokeaji. Sema "Thank you. What is the official fee, and where do I pay it?" Kama hakuna ada, swali limekulinda. Kama ipo, utapata risiti.

Wakati mwingine nchi nzima husema la, kumbe ni bado. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia forodha kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini. Malori ya mahindi yakakwama Busia. Siku chache baadaye marufuku ikageuka kuwa masharti: mwagizaji ajisajili, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 katika bilioni. Aliyekimbilia kuuza mahindi yake kwa hasara siku ya kwanza alisikia sitaki. Aliyeuliza ni kipimo gani kinatakiwa na cheti cha nani kinakubalika alikuwa mbele ya wenzake masharti yalipotoka.

Mtego wa "yes" na "no"

Huu ndio mtego unaoleta hatari kubwa kuliko yote, na unawanasa hata wanaojua Kiingereza vizuri.

Kwa Kiswahili mtu akiuliza, "Huna kitu cha kutangaza?" tunajibu, "Ndiyo, sina." Ndiyo yetu inaafiki alichosema muulizaji. Kiingereza hakiangalii muulizaji, kinaangalia kitu chenyewe kipo au hakipo. Swali "You don't have anything to declare?" likijibiwa "Yes" peke yake, afisa anaweza kuelewa kwamba unacho kitu, akakuomba ufungue mizigo yote. Jibu sahihi kwa asiye na kitu ni "No".

Ubaya ni kwamba maafisa wengi wa hapa nao ni watoto wa lugha zetu, na baadhi yao hutumia "yes" kama sisi. Hujui aliye mbele yako anafuata desturi ipi. Dawa ni moja: usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima. "No, I have nothing to declare." "Yes, I have two sacks of beans." Ukisema kitenzi, hakuna wa kukuelewa kinyume.

Mtego wa pili ni "mind". "Would you mind opening the boot?" Neno kwa neno, anakuuliza kama utaona ubaya kufungua buti. Ukijibu "Yes", umesema utaona ubaya, yaani hutaki. Kwenye kizuizi cha polisi kauli hiyo haikufai. Jibu "No problem" au "Sure", halafu shuka ufungue. Mkono ukienda kwenye buti, hakuna atakayebishana na sarufi yako.

Kukataa na kukana

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti, kukataa na kukana, na katika mazungumzo ya haraka tunatumia "kukataa" kwa vyote. Ameulizwa kama mzigo ni wake, akakataa. Ameambiwa afungue sanduku, akakataa. Kiingereza hakiruhusu mchanganyiko huo, na kwenye taarifa ya polisi tofauti ni kubwa.

"I refused to open the box" maana yake niliambiwa nifungue nikagoma. Umekiri kwamba hukutii agizo.

"I denied that the box was mine" maana yake nilikana kwamba sanduku ni langu. Hukugoma kitu.

Wengi husema "I denied to open", sentensi isiyo sawa inayomwacha mwandikaji taarifa achague mwenyewe ulimaanisha nini. Usimwachie achague. Kwa tendo, tumia "refuse to". Kwa madai, tumia "deny that". Kwa mwaliko, zawadi au kazi uliyopewa na hutaki, tumia "decline" au "turn down", maana "refuse" hapo husikika kama ukorofi. Na kabla hujasaini taarifa yoyote, omba usomewe, ukipenda kwa Kiswahili. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi.

Kiingereza cha ng'ambo

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Utaratibu wa vituo hivi ni kwamba unahudumiwa upande wa nchi unayoingia, maafisa wa nchi mbili wakiwa pamoja. Ukipeleka mzigo Uganda, basi, utakaa kwenye madirisha ya upande wa Uganda, na utasikia Kiingereza chao.

"You first wait." Kwa Mkenya inasikika kama amri. Kwa Mganda ni lugha ya kawaida inayofuata mtindo wa Kiganda. Anakuomba usubiri kidogo. Ni bado, na mara nyingi bado fupi.

"I'm coming." Anasema hivyo huku anaondoka. Maana yake nakwenda narudi, kama sisi tunavyosema "nakuja" tukiwa mlangoni. Usimfuate.

"Somehow." Ukiuliza "Is the document ready?" ukajibiwa hivi, ipo nusu nusu. Hesabu kwamba ni bado.

"Sorry." Hili ni letu sote. Afrika Mashariki "sorry" ni pole. Karani akisema "Sorry" ulipomweleza kwamba umelala kwenye gari, amekuhurumia. Hajakataa ombi lako, na pia hajakiri kosa la ofisi yake. Endelea na swali lako.

Unapokuwa wewe ndiye hutaki

Sisi tumelelewa kukataa kwa kuzunguka. Jirani akiomba usichoweza kumpa, unamwambia tutaona, nitajaribu, Mungu akipenda. Mwenzako anakuelewa na hakuna aliyeaibika. Ukiyapeleka maneno hayo kwenye Kiingereza cha kazi, husikika kama ahadi. "I'll try" kwa tajiri wa lori maana yake utafanya. "OK" uliyoitumia kama "nimekusikia" inasomwa kama "nimekubali". Siku ya kesi, ujumbe huo ndio utakaosomwa.

Tumia mfumo huu mfupi: kataa kwa upole, toa sababu moja, pendekeza njia nyingine. Sababu moja inatosha. Ukitoa nne zinasikika kama visingizio.

Mtu usiyemjua anakupa kifurushi uvushe: "I'd rather not carry it. I don't know what's inside. Please use a courier." Hapa usilegeze. Dereva ndiye atakayeulizwa kitakapofunguliwa.

Unapewa fomu tupu usaini, itajazwa baadaye: "I'm not comfortable signing a blank form. Please fill it in first."

Unaambiwa uondoke na kontena ambalo sili yake imekatika: "I'm not prepared to move it with a broken seal. I need that in writing." Hapa "not prepared" ni silaha yako.

Tajiri anataka uendeshe usiku kucha: "I'm reluctant to drive tonight. I've been on the road since morning. I can leave at five." Umemwachia nafasi ya mazungumzo, lakini msimamo umeeleweka.

Mtu anataka kutumia kitambulisho chako kupitisha mzigo wake: "No, I can't do that." Hapa adabu iwe kwenye sauti, maneno yabaki mafupi.

Kumbuka sarufi yake, kwa sababu kosa dogo hugeuza uzito. Baada ya "I'd rather not" kitenzi hukaa kitupu: "I'd rather not carry it". Baada ya "I'd prefer not", "reluctant", "willing" na "refuse" huja "to": "I'd prefer not to carry it". Baada ya "mind", "avoid" na "object to" huja umbo la "-ing": "I object to paying twice". Na usichanganye "loath" na "loathe". "I'm loath to go back" ni sipendi kabisa kurudi. "I loathe it" ni nakichukia.

Kuhusu kuita watu: "Officer", "Sir" na "Madam" zinatosha pande zote mbili. "Afande" inafaa kwa polisi. "Boss" yavumilika kwenye maegesho, ila dirishani humpa mwenzako sababu ya kukunja uso.

Kusitasita kwenye karatasi

Karatasi za mizigo kutoka Mombasa zimejaa kukataa kulikoandikwa kwa herufi ndogo. Kwenye hati ya shehena ya meli utaona "said to contain". Mwenye meli anasema: nimeambiwa ndani kuna hiki, mimi sikuona, msinishike. Utaona pia "shipper's load and count": aliyepakia na kuhesabu ni mwenye mali. Ikiwa kampuni kubwa za meli hazikubali kuthibitisha kisichoonwa, na wewe dereva usithibitishe.

Ukipokea mzigo uliofungwa, andika juu ya sahihi yako "Contents not checked". Ukikuta katoni zimelowa au pungufu, andika idadi na hali kabla ya kusaini, kwa mfano "Received 48 cartons, 3 wet". Ukilazimika kulipa ada unayoipinga ili gari liondoke, andika "Paid under protest" kwenye nakala yako na ya ofisi. Umelipa, na umeacha ushahidi kwamba hukulipa kwa ridhaa.

Ukipata barua ya bima au ya kampuni yenye maneno "without prejudice", jua kwamba mwandishi anajadili malipo bila kukubali kosa. Pesa anazotaja ni pendekezo la suluhu. Usiitangaze kama ushahidi kwamba amekiri, mpelekee mwanasheria.

Ukikataliwa, ukataliwe kwa maandishi

Kukataa kwa mdomo hakuna pa kukatia rufaa. Katiba ya Kenya, ibara ya 47, inampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sentensi yako ni hii: "May I have the reasons in writing, please?" Iseme bila kupaza sauti. Mara nyingine sitaki huyeyuka inapoombwa ijiandike.

Kwa mambo ya forodha, sheria ni moja pande zote mbili: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kumwandikia kamishna apitie upya uamuzi uliokuumiza. Naye ana siku 30 za kujibu, tangu apokee ombi na maelezo yoyote ya ziada anayoyahitaji. Asipojibu ndani ya muda huo, ombi lako linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo hifadhi nakala yenye mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe hiyo huwezi kuhesabu siku.

Na kwa mfanyabiashara mdogo: ukiambiwa "I'm afraid you need an agent" kwa magunia machache ya maharage, uliza kwanza kuhusu utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti cha asili kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani, na utaratibu wenyewe uliwekwa ili mdogo ajihudumie. Sentensi ni "Can I use the simplified certificate of origin?" Vibali vya afya ya mimea na viwango bado vinahitajika, usivisahau.

Ukimtafsiria mwingine

Vijana wengi wa Busia na Malaba ni masikio ya watu wengine. Mama anayeuza dagaa, mzee aliyetoka Butula na ng'ombe mmoja, mlemavu anayevusha mizigo kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu: hawa hutegemea kile utakachowaambia afisa amesema.

Afisa akisema "I'm reluctant to release this without the certificate", nawe ukamwambia mama "amekataa", umemsukuma kwenye njia ya panya au kwenye hongo. Ukimwambia "amekubali, ila anataka karatasi", atapakia mzigo na kukamatwa mbele. Peleka uzito ule ule uliopokea: "Hapendi kuachilia bila cheti. Cheti kikipatikana, ataachilia." Kama hukusikia vizuri, muulize afisa arudie: "Sorry, are you refusing, or are you waiting for a document?" Hakuna afisa mwenye akili timamu atakayekasirika kwa swali hilo.

Na kama una maoni yako, kwamba afisa huyu ni mgumu au kwamba dirisha la pili ni jepesi, yaweke baadaye na useme ni yako. Mwambie kwanza alichosema afisa, kisha unachofikiri wewe. Mali ni ya mama. Uamuzi wa kusubiri, kurudi au kukata rufaa uwe wake.